Sumaku ya MRI na mtoto mwenye kifafa: je, hufungua kinga ya ubongo?

Mama wa Kisauni
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mwanangu ana miaka 9, na kifafa kilimwanza baada ya malaria kali ya utotoni. Daktari ametuandikia picha ya MRI ya kichwa pamoja na dawa ya kuchomwa mshipani. Mjomba wake ameshikilia kwamba sumaku hiyo huvuta chuma kilichomo katika damu, na kwamba mtoto akianguka humo ndani, ule ukuta unaozuia sumu za damu zisiingie ubongoni utafunguka. Tangu juzi sipati usingizi. Naomba mwenye ujuzi anieleze.

Tabibu Mstaafu, Tudor
Waalaikumu salaam, mama. Mjomba hakukosea kusema kwamba ukuta upo: seli za vijishipa vya ubongo zimeshikamana mno hata protini na kemikali nyingi za damu hazipenyi. Lakini kinachoulegeza zaidi ni kifafa chenyewe. Mtu akianguka, shinikizo la damu hupanda ghafla, vijishipa hutanuka kwa kuwa neva zinadai damu nyingi, na protini iitwayo albumini huvuja. Katika panya waliodungwa rangi ya buluu inayoshikamana na albumini, watafiti waliona sehemu za ubongo zilizovuja zimegeuka buluu, na zilizobaki hazina rangi. Albumini ikishaingia, seli zinazohudumia neva huinyonya, zikashindwa kuondoa potasiamu na glutameti iliyozidi, kemikali zinazochochea neva, na neva zikawa tayari kuchochewa tena. Yaani kifafa hukiandalia njia kifafa kingine. Kwa hiyo nakusihi, usimkatizie dawa zake kwa hofu ya picha.

Mwalimu wa Fizikia, Likoni
Niongeze kuhusu chuma. Kile cha damu kimefungwa ndani ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni, na hakina tabia ya msumari, kwa hiyo damu haivutwi, ingawa mashine nyingi zina tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu za sumaku) na uga wa sumaku wa dunia ni takriban sehemu 65 za milioni za tesla moja kwa wingi wake, yaani tesla 0.000065. Yamefanywa majaribio ya panya kuchunguza kama sumaku huongeza uvujaji, na matokeo yake hayakukubaliana. Hata hivyo MRI ndiyo picha inayopendekezwa kwa wenye kifafa. Huenda mjomba alisikia habari za kifaa kingine, kilichoonyeshwa Sheffield mwaka 1985, ambacho hupiga mapigo mafupi ya sumaku ili kuamsha umeme katika neva. Hicho ndicho ambacho, kwa nadra, kimeleta kifafa.

Tabibu Mstaafu, Tudor
Ile dawa ya mshipani aghalabu ni gadolini. Haipiti ukuta uliofungika. Inapopita, mahali hapo hung'aa pichani, na daktari akaona palipovuja. Waambieni mapema kama mtoto ana tatizo lolote la figo.

Mama wa Kisauni
Ahsanteni sana. Mkononi amevaa hirizi ya bibi yake, ina kifuko cha bati. Je, aingie nayo?

Tabibu Mstaafu, Tudor
La, mama, ivueni mkiwa bado nyumbani, na bibi mwenyewe aishike. Bati, pini ya mtandio wako na simu mfukoni ndivyo vitu ambavyo sumaku hiyo huvuta kweli.