Hoteli ya gereza la zamani: nimelipa hela yangu kulala seli inayochunguliwa kwa nje

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe kwanza.

Ukiona picha za hizi hoteli zilizokuwa magereza, unavutika: kuta za mawe, ngazi za chuma, shuka nyeupe pe. Mimi na mke wangu tukalipia. Hakuna popote walipoandika kwamba chumba ni seli ileile ya mtu mmoja, iliyopakwa rangi na kusukumiziwa kitanda cha watu wawili. Kitanda kimegusa kuta huku na huku. Wa ndani akitaka chooni, ampande mwenzake.

Hilo ningelimeza. Kilichonichafua ni mlango. Wameuacha uleule wa gereza, na kitundu chake cha kuchungulia. Sasa kitundu cha gereza hakikuwekwa ili uliye ndani umwone anayebisha hodi. Kiliwekwa ili askari akuone wewe! Kifuniko kiko nje, mtu anakisogeza kwa kidole tu. Usiku tukasikia chuma kinakwaruza, kicheko, halafu viatu vinatimka koridoni. Walevi wanapita mlango kwa mlango wanachungulia wageni waliolala. Mke wangu aliishia kukiziba kwa karatasi ya chooni iliyolowekwa maji.

Asubuhi naenda mapokezi, kijana ananijibu huku anatabasamu: "Ndiyo uhalisia wenyewe, mzee." Uhalisia! Mbona bei haikuwa ya mahabusu?

Na kelele je? Mengi ya magereza haya ya kale yana ukumbi mrefu ulio wazi mpaka kwenye paa, seli zimepangwa pembeni ghorofa juu ya ghorofa, ili askari wachache wasimame katikati waone na wasikie kila kitu. Hawa wameweka baa hapohapo katikati. Glasi ikianguka chini, wa ghorofa ya juu anashtuka usingizini. Dirisha lenyewe liko karibu na dari na halifunguki. Mtandao wa simu ndani ya kuta zile sahau.

Asije mtu hapa na "ulitegemea nini gerezani". Oxford, Uingereza, gereza lilifungwa 1996, na walipoligeuza hoteli waliunganisha seli tatu kupata chumba kimoja: mbili za kulala, moja bafu. Roermond, Uholanzi, seli zaidi ya 100 zikabaki vyumba 40 tu. Kwa hiyo inawezekana, ni uchoyo tu. Hata Karosta kule Latvia, gereza la zamani la jeshi la majini ambako mgeni anafokewa kama mfungwa, anayetaka mateso hayo anasaini kwanza kwamba ameridhia. Sisi tulisaini nini?

Halafu kuna hili la utani, ambalo kwangu ni baya kuliko hata kitanda. Mlangoni wana pingu za plastiki na bango la namba, upige picha ucheke. Nikawauliza wahudumu, seli hii alifungwa nani, kwa kosa gani? Hakuna anayejua, na hakuna aliyeona kwamba anapaswa kujua. Gereza la Charles Street mjini Boston, ambalo tangu 2007 ni hoteli ya kifahari, mwaka 1973 jaji alilala humo usiku mmoja kujionea, kisha akaamua kwamba hali ya mahabusu mle inavunja haki zao za kikatiba. Watu waliteseka kwelikweli kwenye majengo haya, wakuu. Leo mateso yao ni pambo la baa.

Nimedai hela yangu. Wamenipa kuponi ya kinywaji, tena kwenye baa ileile iliyoninyima usingizi! Aliyewahi kurudishiwa chake kwa kesi kama hii aseme alipitia wapi: benki iliyotoa kadi, au tovuti aliyowekea nafasi? Risiti ninazo, na tangazo lao nimelihifadhi kabla hawajalibadilisha.