Yule dada wa mapokezi pale kituo cha picha za vipimo cha akina mama, leo kavuka mpaka!!!

Wakuu natoka pale sasa hivi, niko kwenye daladala naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Kituo mnakijua sina haja ya kutaja, kile chenye bango la mama anacheka meno yote nje na maandishi TUNAKUJALI WEWE KAMA WEWE. Na yule dada wa kucha ndefu mnamjua pia, hakuna mwanamke hapa Dar ambaye mdomo wake haujampitia.

Nimekaa benchini, watu wamejaa, wajawazito, mabinti, bibi zetu, wanaume waliosindikiza wake zao wameegemea ukuta. Anatoka na faili langu mkononi anapaza sauti "YULE WA TITI LENYE UVIMBE NI NANI HAPA?" Jamani!! Sauti ile imefika Kigamboni, pantoni imesimama katikati ya maji. Jina langu liko juu ya faili kwa herufi kubwa, kaliruka kaenda kusoma tatizo!

Nikanyamaza nikajua atajiongeza. Akarudia! "Wa titi la kushoto, mbona huitiki?" Yaani sasa kaongeza na upande. Kuna kaka akaanza kuwapitia wanawake kifua kwa kifua kama konda anayesaka aliyekwepa nauli.

Ndani sina neno, yule mama wa mashine ya eksirei ya matiti ana utu, kaniita dada, kanieleza kabla ya kunishika kwamba titi litabanwa na litauma kidogo, picha mbili kila upande, halafu akaniuliza umepaka roloni? Nimepaka ndiyo, kumbe chembe zake zinaweza kutokea kwenye picha vidoa vyeupe kama chokaa na daktari akadhani ni kitu. Haya niambieni, nani alitakiwa kunieleza hilo siku nachukua miadi? Si huyohuyo wa kucha! Nimepewa kitambaa nijifute kwapa palepale.

Ila narudi kulekule, "YULE WA TITI LENYE UVIMBE". Nilikuwa na mama yangu mdogo, yeye pia ana kitu kwenye ziwa, nimembembeleza wee mpaka kakubali kuja. Aliposikia ile sauti akachukua mkoba, "mwanangu mimi siwezi kutangazwa sokoni", akaondoka. KAONDOKA bila kupima! Nani atamrudisha sasa, lile bango?

Mkaa_Benchi: Hahaha kwa hiyo yeye kakutangazia ukumbi mmoja, wewe umetutangazia nchi nzima, na upande umetaja 😂

Mleta uzi: Hapa hunijui jina wala sura. Pale watu walikuwa wananitazama USONI. Kama huoni tofauti pita kushoto.

Mkaa_Benchi: Kushoto tena??

BiMkubwa_Tandika: Pole mwanangu, huyo binti namjua vizuri. Mimi aliniambia kunywa maji mengi kibofu kijae ndio utrasaundi ionekane, usiende chooni. Nimekunywa, nimekaa nimebana mpaka machozi, kila nikiuliza "subiri mama". Naingia ndani naambiwa kipimo chako ni cha kuingiza ukeni, hicho kinataka kibofu kitupu, nenda kakojoe kwanza!!! Nilitamani nikojoe kwenye meza yake.

Mtu_wa_Eksirei: Nafanya kazi idara ya picha hospitali nyingine. Dada una haki, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, sio za kupigiwa kelele. Andika barua kwa mganga mfawidhi. Mama mdogo arudi hata kituo kingine, vivimbe vingi vya matiti sio saratani ila bila kipimo huwezi kujua. Kama bado anaona siku zake, wiki moja baada ya kuanza hedhi matiti yanakuwa hayaumi sana, aende muda huo.

Mleta uzi: Asante mtaalamu, barua naandika leoleo. Yaani bado naisikia, "wa titi la kushoto mbona huitiki", na kucha zake zinagonga faili.

Kibosile_Mbagala: Wanaume tuseme wapi? Pale duka la dawa la mtaani kwetu jamaa kanikuta niko na mama mkwe, anaropoka "ile dawa ya fangasi ilikusaidia shemeji?" Mkwe hajala ugali nyumbani kwangu tangu siku hiyo.

BiMkubwa_Tandika: Sasa mkwe ulienda naye duka la dawa kufanya nini?

Kibosile_Mbagala: Presha yake ilipanda bi mkubwa, ningemwacha?

Mkaa_Benchi: Na ikapanda zaidi 😂😂

Chausiku2: Mkwe kukaa kwa mkwilima mpaka presha inapanda, amekuja lini na anaondoka lini? Maana mimi wangu kaja kusalimia tangu Ramadhani.

Mleta uzi: Jamani uzi ni wa yule dada wa mapokezi!

Kibosile_Mbagala: Chausiku hebu fungua uzi wa wakwe tuje huko wote.

Chausiku2: Wa nini wakati huu upo? Haya sikilizeni, kwanza kaja na mabegi matatu...