Mrejesho: Niache lori nirudi Marangu?

Wakuu, niliuliza kama niache udereva wa malori ya Dar–Lubumbashi nirudi kihambani, shamba letu la ukoo kule Marangu, Kilimanjaro, maana hamu ya nyumbani ilinikaba kila nikilala foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Asanteni wote, hata mlionicheka.

Nilifuata ushauri wa aliyesema nisiende Desemba. Desemba kila Mchaga anapapenda kwao: mbuzi anachinjwa, mbege haikauki. Nikaomba likizo nikaenda Aprili, masika yenyewe. Ukungu, matope, kijijini wazee na watoto wa shule tu. Na bado nilipapenda! Nimefyeka, nimepogoa mibuni ya marehemu mzee, na mama kanilisha mtori mpaka nikaomba poo.

Ushauri wa kuwatafuta rafiki wa utotoni haukufaa, wengi wako Dar na Arusha. Na kihamba ni kidogo, hakilishi familia mbili. Kimila nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba, mdogo wangu. Tuliongea vizuri, kanimegea kipande cha juu karibu na mfongo, ule mfereji wa asili wa maji, nijenge.

Ila siku zilivyosogea, lori likivuta mlima kwenda Tarakea natoka mbio kuliangalia. Mke wangu aliona mapema kuliko mimi.

Nimerudi kazini. Likizo zangu sasa ni za masika, na msingi nitauanza polepole. Miche ya kahawa inayostahimili chulebuni, ugonjwa unaoharibu matunda ya kahawa, nimeelekezwa taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, Lyamungu.