Wanafunzi wa Dodoma kwenda Unguja: siku nne tuzigawe vipi kati ya Mji Mkongwe na bahari?

Ticha wa Nzuguni

Habari za jioni wakuu, wa bara na wa visiwani.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika sekondari moja ya kata hapa Dodoma, na ndiye mlezi wa klabu ya mazingira. Likizo ya Juni, Mungu akipenda, tunawapeleka watoto wa kidato cha tatu Unguja, ishirini na kitu, pamoja na walimu wawili na mama mmoja mzazi. Wazazi wamekubali kuchanga laki mbili na nusu kwa kila mtoto na mkuu wa shule kesharidhia. Karibu wote hawajawahi kuiona bahari. Maji mengi waliyowahi kuyaona ni bwawa la Hombolo, na wachache waliopita Mtera wakienda Iringa.

Kinachonikwamisha ni ratiba. Mwenzangu wa Historia anataka siku zote ziishie Mji Mkongwe: soko la watumwa, Ngome Kongwe, majumba ya masultani, Forodhani. Mimi nataka watoto waone kwa macho yale ninayowachorea ubaoni, matumbawe, mikoko, viumbe wa ufukweni, na ikiwezekana waingie maabara ya watu wanaochunguza bahari kama kazi. Tumebishana ofisini mpaka chai ikapoa. Kisiwani tutakuwa na siku nne tu ukiondoa safari.

Naombeni muongozo kwa wenyeji na waliowahi kupeleka wanafunzi. Nini tusikose, nini tuachane nacho, na usalama ukoje kwa watoto wasiojua kuogelea? Bei za hoteli za kitalii msinitajie, nitazimia.

Zabibu Kavu

Ticha, hesabu hiyo umeipiga na nani? Treni ya SGR ilipoanza kuja Dodoma 2024 daraja la kawaida lilikuwa 31,000 mpaka Dar. Zidisha mara mbili, weka boti ya kwenda na kurudi, weka daladala na chakula. Kinachobaki ni cha maji ya kunywa. Tafuteni mfadhili hata wa nauli ya boti. Ofisi za hapa mjini ziko nyingi kuliko miti, pelekeni barua.

Mzee wa Bamvua

Ticha, karibuni sana kwetu. Kabla hujagawa siku kati ya mji na bahari, tizama mwezi kwanza.

Nyinyi wa bara mnapanga safari kwa kalenda ya skuli. Hapa bahari ina kalenda yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunaingia kwenye bamvua, maji hupwa mpaka mgeni akauliza bahari imekwenda wapi. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Katikati ya hapo kuna maji mafu, hayajai sana wala hayakauki sana. Ukija na watoto wiki ya maji mafu utawasimamisha Paje wanatazama maji ya kiunoni, mwani hawauoni, jongoo bahari hawamuoni, kiti cha pweza, yule wa mikono kama nyota, hawakioni. Mtarudi Dodoma na picha za minazi.

Sasa neema ya kisiwa hichi ni kwamba siku za bamvua maji hukauka kama saa nne, saa tano ya asubuhi, jua halijawa kali. Kila siku inayofuata hukawia kiasi cha dakika hamsini. Kwa hivyo huna haja ya kugombana na mwenzio wa Historia. Asubuhi maji yakiwa yamepwa watoto ni wako. Maji yakirudi, nyote mnarudi mjini, alasiri na magharibi ni zake. Mji Mkongwe wenyewe unapendeza alasiri, adhuhuri ile vichochoro vinachoma.

Siku ya shamba, yaani nje ya mji, nendeni mashariki, Paje au Jambiani. Mtapitia Jozani njiani, mshuke. Pale mna kima punju, na upande wa pili wa barabara kuna njia ya mbao ndani ya mikoko. Muombe muongozaji awaonyeshe tofauti ya mkoko wenyewe na mizizi yake iliyojikunja kama miguu ya kaa, na mchu ambao mizizi yake inachomoza juu ya tope kutafuta hewa. Mtoto akishaona hilo hatosahau mtihani. Lakini msikae sana Jozani, maana bahari haimsubiri mtu. Bora muende Paje kwanza, Jozani wakati wa kurudi.

Mama Mwani

Naunga mkono alivyosema mzee hapo juu. Niongezee la mwani, kwa sababu wageni hupita wakipiga picha tu na kuondoka.

Mwalimu, waambie watoto waombe ruhusa kisha wakae na kina mama wanaofunga mbegu. Unachukua kitawi kama cha kiganja, unakifunga kwenye kamba kwa uzi wa taitai, kamba unaikaza baina ya vigingi viwili mchangani. Wiki sita hivi kinakuwa kichaka. Kilimo hiki cha kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, na kikawapa wanawake pesa zao mkononi, jambo ambalo wazee wengine hawakulipenda. Tunapanda aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo iliyotutia hasara, maji ya kina kifupi yakipata joto inageuka nyeupe, inalainika, inakatika. Ndiyo maana wengine wamehamia maji marefu, na huko inabidi ujue kuogelea na uwe na chombo. Watoto wako wakitaka kujua mabadiliko ya tabianchi ni nini, waulize hapo hapo kamba ya kotonii iko wapi.

Ndani ya mwani hutolewa karajinani, ya kuzitia uzito aiskrimu na dawa ya meno. Wakiambiwa hivyo watashangaa wenyewe.

Binti Kongwa

Mimi mgogo niliyeolewa Unguja, niseme na huyo mwalimu wa Historia kidogo.

Asiwapeleke watoto Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, kama wanaokwenda kutazama habari za watu wengine. Misafara iliyotoka Ujiji na Unyanyembe ya Tabora ikiwa na pembe na watu waliofungwa minyororo ilipita kwetu. Ilivuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji upande wa Mpwapwa, na Ugogo ilisimamishwa na watemi ikalipa hongo ndipo ipewe njia na maji. Hongo yenyewe ilikuwa shanga, waya na nguo, hasa merikani iliyoshushwa na meli hapa hapa Unguja. Yaani nguo ilitoka bandari hii ikaenda kulipia kisima cha babu zetu, na njia hiyo hiyo ikarudi na watu. Soko lilifungwa 1873. Aanzie darasani na ramani ya Ugogo, halafu ndio awapeleke Mkunazini.

Beit al-Ajaib, jumba la sultani la 1883, ipangieni kwa tahadhari, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ulizieni kabla kama inaingilika.

Na wewe wa Baiolojia, usidhani mjini huna kazi. Tafuta ukuta wowote uliobanduka lipu, utaona jiwe la matumbawe na vitundu vyake kama limetoka majini jana. Chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. Dari ni boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haifiki mbali, vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba. Mji ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 umejengwa kwa vitu vya somo lako. Mpe kila mtoto karatasi achore ukuta mmoja.

Mpiga Mbizi

Wote mmesahau pomboo wa Kizimkazi! Alfajiri mnaingia boti, mnawakuta hapo. Watoto watapagawa.

Hadubini

Sikubaliani na wewe mkuu. Pomboo wa Kizimkazi wamechunguzwa miaka mingi, na kilichoonekana ni kwamba boti zikiwazunguka wanapunguza kupumzika na kushirikiana, wanatumia muda mwingi kusafiri. Ukiwa na boti kumi zinafukuzia kundi moja, hilo somo linakuwa la nini?

Mpiga Mbizi

Hadubini na wewe, watu wale nini? Kabla ya watalii pomboo hao hao walikuwa wanauawa kuwa chambo cha papa. Utalii ndio uliowapa uhai.

Hadubini

Hilo ni kweli na silipingi. Nahodha anayezima mashine na kukaa mbali yupo, atafutwe huyo. Ila mleta mada anakuja Juni na watoto wasiojua kuogelea. Juni ni msimu wa upepo wa kusi, na Kizimkazi iko ncha ya kusini, inapokea mawimbi yote. Nusu ya darasa watatapika. Wakipita huko kwa barabara waone msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107, hautikisiki.

Kuhusu maabara: Ticha, kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari, ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo Unguja tangu 1978. Jengo la zamani liko Mizingani, mbele kabisa ya bahari, na kuna kituo kikubwa kipya zaidi Buyu, nje ya mji. Andika barua rasmi yenye muhuri wa shule, mapema, eleza idadi, kidato na mnachotaka kuona. Usiandike "kutembelea taasisi". Andika kwamba unataka wanafunzi waone sampuli za planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, kwenye hadubini, au namna ya kupima chumvi na joto la maji. Mtafiti akipewa ombi lenye kichwa na miguu anajua ampe nani kazi hiyo.

Na msije mikono mitupu. Chukueni lita moja ya maji ya Hombolo, yale yana chumvichumvi yake. Unguja mteke lita moja ya bahari. Mkirudi shuleni chemsheni zote mpaka zikauke, mpime kilichobaki. Ya bahari itawaachia gramu kama 35. Hapo mmefanya sayansi kwa sufuria na mizani ya dukani.

Dereva wa Manyoni

Kwa nini msiende Mafia mkaone papa potwe? Samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana shida na mtu.

Hadubini

Msimu wao pale Kilindoni ni Oktoba mpaka Februari. Juni mtaonyeshwa maji matupu. Likizo ya Desemba ndio liwe wazo, ila safari ya boti ya Nyamisati kwenda Mafia na yenyewe ina mambo yake.

Ticha wa Nzuguni

Asanteni mno, nimesoma yote na mwalimu wa Historia nimemuonyesha. Habari ya hongo imemnyamazisha, sasa hivi anatafuta ramani.

Maswali yamebaki mawili. Kisiwa cha Changuu na Chumbe, kipi kinafaa? Na malazi?

Mzee wa Bamvua

Changuu karibu na rahisi, mashua za pwani ya Forodhani zinakwenda. Kule mna kobe wakubwa waliotoka Shelisheli tangu 1919, na jela iliyojengwa ikawa haikuwahi kufunga mtu, ikageuzwa karantini ya wagonjwa. Watoto watafurahi, ila ni kutembea tu.

Chumbe ndiyo skuli. Matumbawe yake hayavuliwi, ni hifadhi tangu 1994, kuna mnara wa taa wa 1904 na yule kaa mkubwa anayepanda miti. Wana utaratibu wa kupokea wanafunzi lakini wageni ni wachache kwa siku, na kundi lako ni kubwa. Waandikie, wakikubali mpeleke nusu nusu. Wakikataa, mwamba wa Jambiani wakati wa bamvua unatosha kabisa kwa mtoto wa kidato cha tatu.

Malazi ombeni dahalia ya skuli. Juni watoto wetu wako likizo, vitanda vitupu. Waambie wavae nguo za heshima mjini, mabega na magoti yafunikwe, hapatakuwa na neno. Na jioni ya Forodhani wale urojo, mishikaki waitazame tu, bei yake ni ya wazungu.

Mama Mwani

La usalama hamjamjibu mwalimu. Kwenye mwamba watoto wasitembee pekupeku. Kuna viumbe wa miba mirefu myeusi, mwiba ukiingia unakatikia ndani. Kuna konokono wa rangi nzuri mwenye umbo la pia, anachoma kwa sumu, kwa hivyo hakuna kuokota kombe yoyote kwa mkono. Wasikanyage matumbawe, wakanyage mchanga. Mwenyeji mmoja atangulie, mwalimu mmoja awe nyuma kabisa, na maji yakianza kurudi hakuna kubembelezana, wote nje. Yanakuja kwa mifereji nyuma yenu kabla hamjayaona mbele. Kwenye boti yoyote ndogo, jaketi okozi lazima, na mhesabu majaketi kabla hamjapanda.

Binti Kongwa

Na kama kuna mtoto atakayeipenda hiyo kazi, asidhani ni ya watu wa pwani peke yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha sayansi ya viumbe vya majini na uvuvi, na chuo cha uvuvi cha FETA wana kampasi Mbegani kule Bagamoyo na Nyegezi Mwanza kwa ngazi ya cheti na diploma. Shemeji yangu wa Mlali yuko huko na hata Mtera hakuwahi kuvua.

Ticha wa Nzuguni

Nimefungua kalenda, mwezi mpevu unaangukia wiki ya pili ya likizo yetu, kwa hiyo tunasogeza safari. Barua ya taasisi naandika kesho, ya Chumbe nayo. Vitambulisho bandarini je? Watoto hawana NIDA.

Zabibu Kavu

Vitambulisho vya shule na barua ya mkuu yenye orodha ya majina, kopi tatu, moja ikae kwa yule mama. Na viatu vya kwenye mwamba usiwaache wazazi wanunue kila mtu kivyake. Kachukue yeboyebo za jumla soko la Majengo, zenye kamba ya nyuma, zile za kuchomeka tu zitabaki kwenye tope.