Mjadala: Je, maji ya kukamua muhogo yaelekezwe kwenye mashamba ya mikunde?

Mtoa mada, Mtwara:
Wapo wanaoshauri kwamba maji yanayotoka kwenye mashine za kusaga na kukamua muhogo yaelekezwe mashambani badala ya kuachwa yatuame nyuma ya vibanda, kwa kuwa yana potasiamu, kirutubisho cha mimea. Napinga, angalau kwa mashamba ya kunde, mbaazi, karanga na njugu mawe. Mazao hayo hupata naitrojeni kwa msaada wa bakteria waitwao rizobia, ambao huishi ndani ya vinundu vya mizizi na kuigeuza naitrojeni ya hewani iweze kutumiwa na mmea. Maji ya muhogo hubeba sianidi, sumu inayotokea pale linamarini, kemikali ya asili iliyomo kwenye muhogo, inapovunjika wakati wa kusaga, pamoja na tindikali inayoongezeka kadiri maji yanavyochacha. Tindikali ikizidi udongoni, rizobia hupungua, vinundu haviundiki vizuri, na madini ya molibdenamu, ambayo bila hayo kimeng'enya cha kufunga naitrojeni hakifanyi kazi, huwa haba kwa mmea. Udongo wetu wa kichanga hauna mfinyanzi wa kutosha kuhimili mabadiliko hayo, na palipo na mikorosho tayari umeongezewa tindikali na salfa inayopulizwa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho.

Mchangiaji, Newala:
Kwa heshima, ndugu yangu, sianidi umeikuza mno. Huchemka katika nyuzijoto 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo maji yakikaa wazi juani sehemu kubwa huruka hewani, na wapo bakteria wa udongo wanaoivunja inayobaki. Kaskazini-mashariki mwa Brazil wakulima huyatumia maji hayo hayo, wakiyaita manipueira, kama mbolea. Kumwambia mkulima wa huku kwenye uwanda wa juu, ambako maji ni haba, ayamwage ni rahisi kwa anayeishi karibu na bomba. Maji yenye mafuta ya maganda ya korosho ni suala jingine, kwa sababu asidi ya anakadi iliyomo huua bakteria, hayo siyatetei.

Mtoa mada:
Kuhusu sianidi tunakaribiana. Hata hivyo, siku zilezile ambazo gesi inaruka, maji yanazidi kuchacha, na jua haliondoi tindikali. Wabrazil nao huyazimua kwa maji safi kabla ya kumwagilia, jambo ambalo kwa uhaba unaoueleza halitekelezeki Newala. Ndiyo maana naona heri yakusanywe shimoni, yatiwe majivu au chokaa ili kupunguza tindikali, kisha yapelekwe kidogo kidogo kwenye migomba, na si kumwagwa kila siku mahali pamoja.

Mchangiaji, Lindi:
Mkulima asiye na maabara atajuaje kama shamba lake limeathirika?

Mtoa mada:
Kunde zikianza kutoa maua, achimbue mimea michache kwa jembe bila kukata mizizi, upande unaopata maji hayo na upande usiopata, kisha apasue vinundu. Vinavyofanya kazi huwa na wekundu ndani; vyeupe, vya kijani au vya kijivu havifungi naitrojeni.