Tupeane uzoefu: ulienda uwanjani na mtoto, jukwaa likaanza wimbo wa matusi. Ulifanya nini?

Mama Wawili
Habari za jioni ndugu zangu. Leo mwanangu wa miaka saba alikuwa anaosha vyombo huku anaimba. Sauti nzuri, mapigo sawasawa, kama mtoto wa kwaya. Nikasogea kumsikiliza vizuri, nikajikuta nimeshika ukuta. Ni ule wimbo wa Jumapili, neno kwa neno, na lile jibu la mwisho analiitikia mwenyewe kwa sauti nene.

Tulienda uwanja wa Kirumba hapa Mwanza familia nzima: mimi, baba yao, watoto wawili na mdogo wangu. Tulikaa mzunguko, kule kwa tiketi za bei ya chini. Kipindi cha kwanza raha tupu, ngoma, tarumbeta, watoto wanakula karanga. Refa akakataa goli, basi, uwanja ukamgeukia mama yake refa. Wimbo wenyewe mnaujua, siuandiki. Ulikwenda kama dakika kumi. Masikio ya watoto ni manne, mikono yangu ni miwili. Nilimziba mdogo, mkubwa akabaki anasikiliza.

Sijamchapa. Nimemuuliza anajua maana yake, akasema, "Ni kumwambia refa amekosea." Waliopitia haya nisaidieni, mlimwambiaje mtoto?

Dereva wa Igoma
Pole sana mama. Mimi wangu watatu, masikio sita.

Kijana wa Mabatini
Mama Wawili, sikuvunjii heshima, lakini uwanjani siyo kanisani. Mtu ameshusha mizigo mwaloni tangu Jumatatu, bosi kamfokea, mwenye nyumba anamdai. Jumapili ndiyo siku yake ya kutoa yaliyo moyoni. Mtoto aangalie mpira nyumbani kwenye runinga.

Mama Wawili
Kwenye runinga nako yanasikika mdogo wangu, tena vizuri kuliko mtangazaji. Na tiketi nilikata kama wewe. Yaliyo moyoni mwako yanamhusu nini mama yake refa?

Baba Kulwa na Doto
Nawapa uzoefu wangu. Matusi huanzia kwenye ngoma. Ukikaa karibu na ngoma umekaa kwenye chemchemi. Mapacha wangu niliwapeleka ile nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, Mei 2021, ile ya goli la Feisal. Tulifika mapema kabla jua halijawa kali, nikatafuta wazee wenye kofia na redio ndogo, nikakaa katikati yao. Wazee wanalalamika tu, hawaimbi. Watoto walirudi na habari ya goli, si habari nyingine.

Mfuatiliaji
Ilikuwa 2022. Tarehe 28 Mei 2022. Yanga 1, Simba 0.

Baba Kulwa na Doto
Nimekosea mwaka, goli nililiona kwa macho yangu.

Mfuatiliaji
Sijakataa, naweka rekodi sawa tu.

Dada wa Pasiansi
Mwambie mtoto ukweli. Hili ni tusi, linamuumiza mtu, hapa nyumbani haliimbwi. Ukilizungukazunguka ndiyo anaona lina utamu.

Mjomba Bwiru
Hapana, usimwambie chochote. Mtoto ukimwonyesha umeshtuka, kesho anaimba darasa zima. Mpe kazi nyingine asahau. Wangu nilimnunulia filimbi, sasa natafuta dawa ya filimbi.

Msomaji wa Sheria
Watu wanadhani uwanjani hakuna sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 89, kinataja lugha ya matusi kwa mtu mwingine kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani, na adhabu yake inafika kifungo cha miezi sita. Wala hakisemi "isipokuwa siku ya mechi". Kanuni za ligi nazo zinairuhusu kamati kuitoza klabu faini kwa makosa ya mashabiki wake. Uingereza walitunga sheria ya viwanjani peke yake mwaka 1991, nyimbo chafu na za ubaguzi zikawa kosa. Mwanzoni ilibidi uwe unaimba na mwenzako ndipo ushtakiwe. Mwaka 1999 wakarekebisha, hata anayeimba peke yake anakamatwa.

Kijana wa Mabatini
Uwanja mzima utatuweka mahabusu gani? Gereza la Butimba lenyewe halitoshi.

Msomaji wa Sheria
Sijasema uwanja mzima. Anayeanzisha wimbo ni mmoja na kila mtu anamjua.

Shangazi wa Sengerema
Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo mmenitonesha kidonda.

Kaka yangu ni mwamuzi, anashika kibendera. Miaka kadhaa nyuma, daraja la ziwani la Kigongo na Busisi bado halijakwisha, mama yetu alisikia kwamba mwanawe atachezesha mechi kubwa Kirumba. Mama aliuza dagaa miaka mingi ili yule mtoto asome. Alikuwa hajawahi kuingia uwanjani maishani mwake. Akasema lazima aende, na kaka asiambiwe, asije akamtafuta kwa macho akaharibu kazi.

Tukavuka na feri asubuhi. Mama amevaa kitenge ambacho hakijafuliwa hata mara moja. Uwanjani tulikuta pamejaa, tumesimama tunahangaika. Kijana mmoja wa makamo ya mdogo wangu wa mwisho akamwona, akainuka, akamkunjia koti lake juu ya zege, akasema, "Kaa hapa mama yangu." Akamenya chungwa akampa nusu. Mama akaniambia, huyu amelelewa.

Mpira mama hauelewi. Alikuwa anamwangalia mwanawe anavyokimbia pembeni, anakwenda na kurudi, anasema, "Watamchosha." Kipindi cha pili kaka akanyanyua kibendera, goli likakataliwa. Ngoma ikanyamaza kidogo, kisha wimbo ukaanza. Safari hii haukuwa wa refa wa kati, ulikuwa wa mshika kibendera wa upande wetu. Yaani wa mama yake.

Mpira hauelewi, lakini Kiswahili anakielewa. Akasikiliza mara ya kwanza, mara ya pili. Nilikuwa natazama chini. Akanigusa goti, akaniuliza, "Hawa wananifahamu wapi?"

Nikamwambia hawakufahamu mama, ni wimbo tu. Akasema, "Mbona wananitaja?"

Na anayeimba kuliko wote alikuwa yule kijana wa koti. Amesimama mbele yetu, mishipa ya shingo imemtoka. Mama akamgusa mgongoni. Akageuka anatabasamu, alidhani anaombwa maji. Mama akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, yule mwenye kibendera ni mtoto wangu. Mama yake ni mimi."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alikaa chini palepale, akashika kichwa. Mwenzake akamuuliza una nini, akamnong'oneza, naye akakaa. Ikaenda hivyo mtu kwa mtu mpaka safu yetu yote ikawa imekaa kimya. Safu za nyuma waliendelea, hawakujua kitu.

Tulitoka kabla mpira haujaisha. Usiku kaka alikuja nyumbani tulikofikia, akashangaa kumkuta mama. Mama akasema amekuja kumsalimia tu. Akamuuliza, "Umechoka?" Akamsongea ugali. Mpaka leo kaka hajui kwamba mama alikuwepo uwanjani.

Dereva wa Igoma
Nimesimamisha gari pembeni nimalize kusoma.

Dada wa Pasiansi
Shangazi, na kitenge kile bado anakivaa?

Mfuatiliaji
Pole sana. Naomba kuuliza, ile ofsaidi ilikuwa halali?

Mjomba Bwiru
Wewe Mfuatiliaji una moyo wa jiwe la Bismarck, lile mwamba la ziwani. Mtu anaeleza habari ya mama yake, unauliza ofsaidi?

Mfuatiliaji
Nimeuliza kwa nia njema. Kama ilikuwa halali, yule kijana alikuwa anamtukana mtu aliyefanya kazi yake sawasawa. Hilo nalo lina uzito.

Shangazi wa Sengerema
Sijui kama ilikuwa halali. Kitenge anakivaa kanisani.

Mzee wa Kisesa
Wajukuu zangu, nilikuwa napita nimesimama. Sisi Wasukuma tulikuwa na kushindana kwa nyimbo kabla ya mpira. Bagika na Bagalu, ngoma mbili, kila upande na manju wake, yaani kiongozi wa nyimbo, na dawa yake, mpaka leo kwenye makumbusho ya Bujora kila Juni, siku za sikukuu ya Bulabo, mnaweza kuona. Manju anaweza kuamka asubuhi akawaimba wenzake mpaka watamani kurudi kwao, kwamba ngoma yao imepasuka, kwamba nungunungu wamemkimbia, kwamba wanalima kama wanapapasa. Sisi watoto tulikaa mbele kabisa, kwa sababu huko ndiko tulikojifunza maneno. Manju aliyemaliza maneno akakimbilia nguo za ndani za mama wa mtu, watu walimwacha anaimba peke yake wakaenda upande wa pili. Alikuwa ameishiwa.

Kijana wa Mabatini
Mzee shikamoo. Lakini nyinyi mlikuwa na siku nzima ya kutunga. Sisi refa akiboronga tuna sekunde tano.

Mzee wa Kisesa
Marahaba. Sekunde tano ni za kuimba. Kutunga mnatunga wiki nzima, mbona la matusi mmelitunga?

Mpiga Ngoma Mstaafu
Hapo mzee amenipata. Mimi nimeongoza hamasa misimu minne kwenye timu moja ya hapa jijini, siitaji. Niwaeleze tusi linavyoingia, maana wengi hawajui.

Kiongozi wa wimbo hatukani. Yeye anaimba mistari miwili mizuri tu, kisha anakata, ananyoosha mkono, jukwaa linajaza neno la mwisho. Kwa hiyo kamisaa wa mchezo akija kuuliza nani katukana, hakuna mtu. Na neno lenyewe ni fupi, linakaa juu ya mapigo mawili ya ngoma kubwa, ndiyo maana mtoto analishika haraka kuliko mashairi ya shule. Ukitaka kulitoa, usilipigie kelele, utawaongezea hamu. Tafuta neno jingine la mapigo mawili, lenye kuuma vilevile, ulitie palepale.

Sisi tuliweka FURU, kale kasamaki kadogo ka ziwani. Timu ya wageni ikija na basi jipya na majigambo, kiongozi anaanza, "Mmekuja sangara!" Ngoma. "Mnarudi..." Mkono juu, na uwanja mzima, "FURU!" Kila mtu wa ziwa anajua sangara alivyowala furu, na furu mwenyewe alivyo, miiba mitupu, hata paka anamfikiria mara mbili. Wiki ya kwanza nusu ya jukwaa waliendelea na tusi la zamani. Ya tatu walikuwa wamehama wenyewe, kwa sababu la furu linachekesha na la zamani limezoeleka.

Sikuliacha tusi kwa wema, nisiwadanganye. Siku moja nilinyoosha mkono, neno likajibiwa, na sauti niliyoisikia juu ya zote ilikuwa nyembamba. Nikageuka. Alikuwa binti yangu, mabegani kwa mdogo wangu, ameninyooshea mkono kama ninavyonyoosha mimi.

Mama Wawili
Nimekuelewa kabisa kaka.

Mwalimu wa Nyakato
Samahani Mpiga Ngoma, hilo la furu nalo limefika shuleni kwetu. Watoto wadogo wa darasa la kwanza wanaitwa furu na wakubwa. Kuna mmoja alilia wiki nzima.

Mpiga Ngoma Mstaafu
Mwalimu, kati ya furu na lile lingine, chagua.

Mwalimu wa Nyakato
Sichagui. Aliyelia nilimbembeleza mimi, siyo wewe.

Dada wa Pasiansi
Msigombane. Uturuki mwaka 2011 Fenerbahçe waliadhibiwa kwa vurugu za mashabiki wao. Badala ya kucheza bila watu, wakaruhusiwa wanawake na watoto walio chini ya miaka 12 peke yao. Waliingia zaidi ya 41,000. Wachezaji waliwarushia maua. Uwanja ulijaa, kelele zilikuwepo, na mpira ulichezwa, sare ya 1–1.

Kijana wa Mabatini
Kwa hiyo wanaume tubaki nje tunalinda baiskeli?

Dada wa Pasiansi
Mechi moja tu kwa msimu, mngekufa?

Baba Kulwa na Doto
Mimi naunga mkono, mke wangu aende nao, mimi nipumzike.

Kijana wa Mabatini
Shangazi wa Sengerema, nimerudi. Nilisoma habari yako mchana nikaendelea na kazi, imekataa kutoka. Mimi mzunguko nakaa kila wiki na naimba sana, wanaonijua wanajua. Yule wa koti siyo mimi, koti sina. Lakini safu za nyuma zilizoendelea, hapo siwezi kuapa. Mpe mama shikamoo yangu.

Shangazi wa Sengerema
Nimemfikishia. Anasema marahaba, na anauliza umekula.

Mama Wawili
Asanteni wote, wabeja sana. Nimefuata la Dada wa Pasiansi, nimemwambia ukweli. Nilimuuliza angejisikiaje darasa zima likiniimba mimi, akanyamaza, akaenda kulala mapema. Asubuhi nikamfundisha la sangara na furu, na nikamwonya ni la uwanjani, si la kumwitia mtoto wa mtu. Sasa Mpiga Ngoma, kale ka mstari ka pili kanaanzia juu au chini? Amegoma kuitikia, anasema naimba vibaya.

Mpiga Ngoma Mstaafu
Unaanzia chini mama. "Mnarudi" chini kabisa, unasubiri pigo moja, halafu "furu" ndiyo mnapanda wote.