Naomba ushauri: mwanafunzi wangu mtu mzima amenizoea kupita kiasi

Habari zenu wakuu. Nafundisha masomo ya jioni hapa Dar, watu wazima wanaojiandaa na Mtihani wa Maarifa (QT), ule wa kumwezesha aliye nje ya shule kufanya mtihani wa kidato cha nne. Kuna dada mmoja, aliacha shule kwa ujauzito, sasa anasoma kwa bidii kweli. Shida ni kwamba kila jambo lake analeta kwangu. Saa tano usiku: "Mwalimu, umelala?" Kisha voisi ndefu, mara ugomvi na mzazi mwenzie, mara kodi ya chumba. Nikichelewa kujibu, kesho yake anakaa nyuma kabisa, daftari hafungui.

Ni mtu mzima, sawa, lakini mimi ndiye ninayemsahihishia kazi. Sheria ya rushwa ya 2007 inagusa hadi rushwa ya ngono. Hatujafika huko wala sitaki. Ila niseme ukweli, na mimi nimeanza kuzisubiri hizo meseji.

Niongee naye ana kwa ana, au nitangazie darasa zima kwamba mwisho wa meseji ni saa mbili usiku? Nimhamishie kwa mwalimu wa kike? Naogopa asione nimemkataa, akaacha shule mara ya pili. Walimu mliopitia hili, mlianzaje kuliongea?